Nimeachiwa nijichagulie mradi wa mwisho wa mawasiliano ya mitindo. Nianzie wapi?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya mawasiliano ya mitindo. Muhula huu tuna mradi mmoja tu wa kujitegemea: hatukupewa maelekezo, kila mtu ajitafutie mada, ajipangie kazi na awasilishe mwisho wa wiki ya 12. Nimechagua "mitindo na utambulisho". Nataka kutoa jarida la kurasa 80, filamu fupi na ukurasa wa Instagram. Msimamizi wangu anasema wazo ni pana mno, lakini kila nikilipunguza naliona linakuwa dogo na la kitoto. Sina fedha za kulipa wanamitindo wala za kukodi studio. Je, nibaki na mada yangu? Na kati ya jarida na filamu, kipi kitanisaidia zaidi nikitafuta kazi?

JIBU

Marahaba, na hongera kwa kufika mwaka wa mwisho. Msimamizi wako amesema kweli, ila wazo lako lina kasoro kubwa kuliko huo upana: hakuna kitu kinachokosa nafasi ndani yake. Kijana aliyevaa koti la marehemu babu yake ni utambulisho. Dada aliyevaa suti ya ofisini naye ni utambulisho. Asiyejali mitindo kabisa, naye pia. Mada inayopokea kila kitu haikupi sababu ya kukataa chochote, na kazi yetu kwa sehemu kubwa ni kukataa: nguo hii iingie ile ibaki, picha hii ipite ile isipite, sentensi hii ifutwe. Ukiwa kazini, sababu za kukataa unapewa na mteja au mhariri. Kwenye mradi wa kujitegemea mteja hayupo, kwa hiyo masharti ya kukubana inabidi uyatunge mwenyewe. Hapo ndipo wanafunzi wenye vipaji huanguka, ilhali kazi za kuagizwa walizimudu vizuri.

Masharti huanza na swali. Swali linalofaa ni lile ambalo jibu lake bado hulijui, na ambalo nguo yenyewe inaweza kulitolea ushahidi. "Mavazi yanaelezaje utambulisho wa vijana?" halifai kwa yote mawili. Jibu unalo tayari kichwani, na nguo zitaletwa kuja kulipamba tu. Hebu tushuke chini, hadi kwenye kitu unachoweza kukishika kwa vidole.

Tuseme unaanza na mfuko wa suruali. Karibu kila mtu anatumbukiza mkono humo kutwa nzima, na karibu hakuna anayeutazama. Ukianza kuuchunguza, historia inafunguka. Katika karne ya 18 wanawake wa Ulaya walifunga mifuko kiunoni kwa utepe, ndani ya sketi, wakaifikia kwa kupitisha mkono kwenye mpasuo wa pembeni. Karne ilipokaribia kwisha, gauni zikawa nyepesi na kubana mwili, mfuko wa ndani ukawa unavimba na kuharibu umbo, na vibegi vidogo vya mkononi vikachukua nafasi yake. Mwaka 1873 huko Marekani, Levi Strauss na fundi cherehani Jacob Davis walipata hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya kuimarisha suruali kwa ribiti za shaba, yaani vipini vifupi vya kubana kitambaa, na sehemu mojawapo iliyohitaji ribiti hizo ilikuwa kona za mifuko, kwa sababu ndizo zilizokuwa zikichanika watu wakiwa kazini. Mwaka 2018 waandishi wa tovuti ya The Pudding walichukua rula wakapima mifuko ya jinzi za kampuni 20. Walikuta kwamba mifuko ya mbele ya jinzi za wanawake, kwa wastani, ni mifupi kwa asilimia 48 kuliko ya wanaume. Hiyo ni kazi ya mawasiliano ya mitindo iliyofanywa bila mwanamitindo hata mmoja, na ilisambaa kwa sababu kila msomaji aliweza kuihakikisha kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa swali linajitokeza lenyewe: mtu ambaye nguo yake haina mfuko, vitu vyake anaviweka wapi, na anasimamaje au anatembeaje kwa sababu hiyo? Simu hukaa mkononi, kwa hiyo mkono mmoja haupo huru. Noti hukaa kwenye sidiria. Funguo huning'inia shingoni. Begi huvuta bega moja chini hata mtu akilivua. Ona jinsi utambulisho ulivyorudi bila kutajwa: nani anatarajiwa kubeba, nani anatarajiwa kubebewa, nani alihesabiwa kuwa mfanyakazi pale nguo ilipokatwa. Umeufikia kupitia mshono, na msomaji atakuamini kwa sababu mshono anauona.

Sikulazimishi mfuko. Inaweza kuwa kola, kishikizo kilichobadilishwa, upindo wa sare ulioachiwa ili mtoto akue nao, lebo iliyokatwa kwa sababu inawasha shingo. Chagua kitu ambacho wewe mwenyewe unakigusa mara kwa mara na kina jambo linalokukera au kukushangaza.

Unasema mada ikipungua inakuwa ya kitoto. Nakuelewa, maana chuoni tumewazoesha nyinyi kuamini kwamba uzito wa kazi unatokana na ukubwa wa maneno. Mtazame Bill Cunningham, mpiga picha wa New York Times aliyezunguka mitaani kwa baiskeli miongo kadhaa. Mwaka 1978 alimpiga picha mwanamke aliyekuwa akipita, kwa sababu moja tu: jinsi bega la koti lake lilivyokatwa. Baadaye ndipo alipotambua kwamba yule alikuwa Greta Garbo, mwigizaji aliyekuwa akikwepa kamera kwa miaka mingi. Wengine wangemfukuzia Garbo. Yeye alifuata bega la koti. Gazeti lilichapisha picha hizo pamoja na nyingine alizopiga, na kutoka hapo jina lake likawa halisahauliki kwa yeyote anayeandika kuhusu mavazi ya mitaani. Macho ya namna hiyo ndiyo mtahini anayatafuta, na hayawezi kuonekana kwenye mada iliyojaa kila kitu.

Nikupe kipimo kimoja cha kukuongoza katikati ya kazi. Roland Barthes, mwananadharia wa Kifaransa, katika utafiti wake wa lugha ya mitindo uliochapishwa 1967, alisoma matoleo ya majarida ya Kifaransa, hasa Elle na Le Jardin des Modes, ya kati ya Juni 1958 na Juni 1959. Alitenganisha mavazi matatu ambayo sisi huyachanganya: vazi halisi lililoshonwa, vazi la kwenye picha, na vazi la kwenye maandishi. Kila moja lina kanuni zake. Chukua kila ukurasa wako ujiulize: vazi halisi lipo wapi hapa, picha imelifanya nini, na maneno yamelifanya nini? Ukurasa mwingi wa mwanafunzi una picha nzuri, na maneno yanayorudia kile kile kinachoonekana. Hapo vazi la maandishi limelala usingizi.

Maelezo ya picha ndiyo mahali pa kwanza pa kujirekebisha. Wanafunzi huyaandika usiku wa mwisho, na mtahini huyasoma kabla ya insha. Linganisha haya mawili. La kwanza: "Mhusika amevaa jinzi ya kisasa inayoakisi haiba na ujasiri wake." La pili: "Jinzi ya pamba. Mfuko wa mbele, sentimita 14 kwenda chini. Simu inachungulia nje. Kona ya kushoto imeshonwa kwa mkono, uzi mweupe, kwa sababu funguo zilikuwa zinadondoka." La kwanza lingeweza kuwekwa chini ya picha yoyote duniani. La pili limebeba kipimo, kitendo na sababu, na hakuna sifa hata moja ndani yake. Jifunze kutaja kitambaa kwa aina, ufumaji na uzito. Fulana ya gramu 150 kwa mita ya mraba hukaa mwilini tofauti kabisa na ya gramu 220, na mwandishi anayejua tofauti hiyo husikilizwa na wabunifu.

Kuhusu fedha, usione haya. Fani hii ina majarida makubwa yaliyozaliwa kwenye uhaba. Terry Jones aliwahi kuwa mkurugenzi wa sanaa wa Vogue ya Uingereza, na alipoanzisha i-D mwaka 1980 lilikuwa kijarida kilichobanwa kwa pini za stepla, chenye picha za watu wa kawaida waliosimamishwa mbele ya ukuta, mwili mzima, wakiwa na nguo zao wenyewe. Ukuta ule ulikuwa studio yao. Rankin na Jefferson Hack walikuwa wanafunzi London walipoanza Dazed & Confused, na toleo lao la mwanzo mwaka 1991 lilikuwa bango la kukunja, rangi nyeusi na nyeupe. Bango, kwa sababu ndilo lililowezekana. Naye mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, aliwapiga watu picha kwa mwanga wa jua mbele ya kitambaa kilichotundikwa, na kitambaa cha mwanzo kilikuwa shuka ya kitanda chake. Leo ukitazama picha zile, maua ya kitambaa cha nyuma yanavyogombana na maua ya gauni ndiyo yanayokushika. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesubiri vifaa, na hakuna aliyejaribu kuuficha uhaba kwa kuigiza utajiri. Studio ya kuigiza hutambulika mara moja.

Kwa hiyo wanamitindo wa kulipwa huwahitaji. Unahitaji watu walio tayari kupindua mifuko yao nje mbele ya dirisha. Waweke ubavu kwa dirisha ili mwanga uje kwa pembeni, maana mwanga wa pembeni ndio unaoonyesha mshono, makunyanzi na manyoya ya kitambaa. Mwanga wa mbele huvifuta vyote. Upande wa pili weka kadi kubwa nyeupe irudishe mwanga kidogo. Kamera, hata ya simu, hupima mwanga ikidhani kila kitu duniani kina ukijivu wa kati, ndiyo sababu shati jeupe hutoka la kijivu na koti jeusi hutoka limepauka. Kwa nguo nyeupe ongeza mwanga kidogo kwenye kamera. Kwa nyeusi punguza. Weka rula kwenye fremu angalau mara moja kwa kila nguo. Na upige picha ya ndani: bitana ya mfuko ndiko mtengenezaji anakobania kitambaa, ndiko kona inakotoboka, ndiko risiti iliyofuliwa na nguo inakogeuka chembechembe. Nje ya jinzi iliyozeeka utaona mstatili uliopauka pale simu inapokaa siku zote. Piga hiyo kwa karibu kiasi cha kuhesabu nyuzi.

Sasa jarida au filamu. Jarida, lakini si la kurasa 80. Kurasa 80 ndani ya wiki 12 kwa mtu mmoja maana yake kurasa 50 za kujazia, na mtahini akishaona ukurasa mmoja wa kujazia huanza kuzitilia shaka hata kurasa zilizo nzuri. Kurasa 16 zinatosha, 24 ukiwa na nyenzo za kutosha. Kijarida cha kubana kwa pini lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4, kwa sababu karatasi moja ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne: karatasi 4 za A4 zinakupa kijarida cha A5 cha kurasa 16. Picha ya kujaza ukurasa wa A5 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji takriban pikseli 1,748 kwa 2,480, na simu ya megapikseli 12 inavuka hapo. Picha inayogusa ukingo iongezewe milimita 3 za kukatwa kila upande, la sivyo utapata mstari mweupe pembeni.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hulijua kazi ikishatoka kiwandani. Katika kijarida cha namna hiyo, kurasa mbili za katikati tu ndizo zilizo karatasi moja isiyokatika. Kurasa nyingine zinazotazamana ni karatasi mbili tofauti zilizokutana, kwa hiyo picha inayovuka kutoka kushoto kwenda kulia inaweza kukatika na kupishana pale kwenye mkunjo. Picha yako kubwa kuliko zote iende katikati. Pia skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu, ilhali mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, zambarau-nyekundu, njano na nyeusi. Bluu kali huchuja sana katika safari hiyo, na mradi wa jinzi ni mradi wa bluu. Chapisha ukurasa mmoja wa majaribio kwenye karatasi ile ile utakayotumia, mapema, ukaushike ukilinganisha na suruali yenyewe. Karatasi isiyong'aa hunywa wino, na nguo nyeusi zitazama humo ziwe doa moja. Angaza sehemu zake za giza kwenye programu ya kuhariri picha kabla hujatuma.

Na kijarida chako cha mfano kitengeneze wiki ya tano au ya sita, kwa karatasi za kawaida, kalamu ya risasi na picha zilizochapwa vibaya. Kikunje, kifungue, mpe mtu asiyejua mradi wako, ukae kimya umtazame anasita wapi. Mpangilio wa kurasa hauhaririki kwenye skrini, maana kwenye skrini hakuna kugeuza ukurasa. Kule kugeuza ndiko kunakokuruhusu kuficha jambo na kulifichua: upande huu mwili mzima ukiwa umesimama kwa heshima zake, geuza, mfuko uliopinduliwa na vyote vilivyomwagika.

Filamu iingie tu ikiwa swali lako linadai mwendo. Mpiga picha wa mitindo Nick Knight alianzisha SHOWstudio, tovuti ya filamu za mitindo, mwaka 2000 kwa imani kwamba nguo hubuniwa zionekane zikitembea, na kwa mfuko kuna jambo ambalo picha mgando hailiwezi: mkono unaotafuta mfuko usiokuwepo, unateleza pajani, unarudi. Hiyo ni sekunde 40, imepigwa mara nyingi kwa watu tofauti na kuunganishwa. Ukiipata, itazidi nguvu filamu ya dakika tano yenye mtu anayetembea ufukweni polepole. Instagram iache. Ukitaka iwe sehemu ya mradi itadai mhariri wake, ratiba yake na hoja yake. Ukiifanya ubao wa matangazo haikuongezei alama.

Programu za kuzalisha picha kwa akili bandia nazo zinaulizwa sana siku hizi, na msimamo wangu ni huu: kwenye mradi ambao ushahidi wake ni nguo, hazina kazi. Zitakupa mfuko ambao hakuna aliyeushona wala kuuvaa, na ukiuuliza ulitobokaje hauna jibu. Ukizitumia kwa jambo jingine, kama kujaribu mpangilio wa ukurasa, andika wazi kwamba umezitumia.

Daftari la mchakato ndilo litakalokubeba. Watahini wanajua bidhaa ya mwisho inaweza kupendeza kwa bahati, au kwa msaada wa rafiki mwenye kamera nzuri. Daftari ndilo linaloonyesha akili ilivyofanya kazi. Bandika karatasi zenye picha zote ndogo ndogo za kila upigaji, zungushia uliyoichagua, na kando ya mbili au tatu ulizoziacha andika kwa nini umeziacha. "Nzuri sana lakini sura yake inavuta jicho, mfuko unapotea" ni sentensi yenye thamani kuliko kurasa tatu za nukuu za nadharia. Weka tarehe. Swali likibadilika njiani, na mara nyingi hubadilika, liandike upya na ueleze kilicholibadilisha. Wanafunzi wengi hulificha badiliko hilo wakidhani ni aibu, kumbe ndilo sehemu inayosomwa kwa hamu.

Watu wako wape karatasi ya ridhaa waisaini kabla ya kupigwa picha, ikisema picha zitatumika wapi, na kama kuna mtoto asaini mzazi au mlezi. Kwa mada kama hii zingatia zaidi, kwa sababu ndani ya mfuko hutoka dawa, vitambulisho, risiti zenye namba za simu. Muulize kila mtu kipi kisionekane, na ukiheshimu. Kila aliyekusaidia atajwe kwa kazi aliyofanya: aliyepiga picha, aliyepamba, aliyeshika kadi nyeupe. Fonti na muziki navyo vina wenyewe. Tumia vile ulivyo na leseni navyo.

Kuhusu kazi, wahariri na wakala wa mitindo watakaotazama mkusanyo wako wanafungua kazi nyingi kwa siku. Kijarida cha kurasa 16 kilichokamilika, chenye maelezo yasiyo na makosa na majina yaliyoandikwa sawasawa, kinawaambia kwamba wanaweza kukukabidhi ukurasa wakalala. Jarida la 80 lililoishia njiani, pamoja na filamu ambayo sauti yake haikuwahi kurekebishwa, linawaambia jambo jingine. Na swali lako likiwa jembamba na lako mwenyewe, watakukumbuka kwalo: "yule wa mifuko".

Kabla ya kikao kijacho na msimamizi, andika nusu ukurasa wa maelekezo kana kwamba umeajiriwa na mtu mkali: swali katika sentensi moja, msomaji mmoja unayemwandikia (umri wake, anachovaa, kwa nini atajali), umbo la kazi, idadi ya kurasa, na mambo matatu ambayo hutayafanya kabisa. Ambatanisha picha tano ulizopiga wiki hii kwa simu, hata kama ni mbaya, kila moja na maelezo yake yenye kipimo. Mwache azisome kwanza bila wewe kusema neno, na umwombe aandike pembeni swali analodhani unaliuliza. Likifanana na lako, anza kupiga picha kesho. Lisipofanana, picha ndizo za kurekebishwa kwanza, halafu swali.